Nyumba Saba Zenye Moshi



Leo nakupeleka kwenye milima ya Rodopi, kusini mwa Bulgaria, jirani na mpaka wa Ugiriki. Nilikaa huko siku tisa, mwishoni mwa Septemba 2025, katika kitongoji ambacho sitakitaja jina. Asubuhi ya kwanza nilisimama uani nikahesabu nyumba zinazofuka moshi. Zilikuwa saba. Nyumba zenyewe, nzima na magofu, zilizidi sitini. Sasa mahali penye nyumba saba zenye moshi, ukitaja jina la mahali umeshamtaja mtu, na bibi aliyenipokea hakunipa kitanda ili nimtangaze redioni. Vijiji vya jirani nitavitaja, maana hivyo vinajulikana.

Kufika huko unatoka Sofia, mji mkuu, unakwenda mashariki hadi Plovdiv, kisha unashika njia ya kusini. Ukishapita Asenovgrad tambarare inakwisha ghafla na barabara inaingia kwenye korongo, ikiandamana na mto. Kando ya njia ipo monasteri ya Bachkovo, iliyoanzishwa mwaka 1083. Basi letu lilisimama hapo dakika kumi, akina mama wawili wakashuka kununua mishumaa, wakapanda tena. Halafu ni kupanda mlima tu: Chepelare, kisha Pamporovo na mahoteli yake ya watu wanaokuja kuteleza kwenye theluji, kisha unateremka upande wa pili mpaka Shiroka Laka.

Wageni wengi huishia hapo, na siwalaumu. Shiroka Laka kimekaa bondeni, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mto unapita katikati, na juu ya mto kuna madaraja ya mawe yaliyobinuka kama upinde. Nyumba chini ni mawe matupu, juu ni kuta zilizopakwa chokaa, na orofa ya juu imejitokeza mbele ya ile ya chini kama mtu anayechungulia barabarani. Mapaa ya zamani hayakuezekwa kwa bati wala vigae. Ni vibao vya mawe, kimoja juu ya kingine, na uzito wake peke yake ndio unaoyashikilia wakati wa upepo. Kanisa la kijiji lilijengwa mwaka 1834, enzi ya dola ya Osmani, na wenyeji husimulia kwamba wanakijiji walilimaliza kwa muda usiozidi siku 40.

Mimi niliendelea kupanda.

Mwenyeji wangu ana miaka themanini na mmoja, na majirani wanamwita Baba. Usishtuke. Kwa Kibulgaria baba ni bibi, mama wa mzazi wako, na kila mwanamke mzee kijijini ni baba. Babu ni dyado. Siku mbili za kwanza ulimi wangu ulikuwa mzito kumwita mama wa watu Baba. Siku ya tatu nikazoea, naye akaanza kuniita mwanangu.

Mjukuu wake anayesoma Plovdiv alikaa nasi siku mbili akitutafsiria. Alipoondoka tulibaki na mikono, na maneno machache. Lakini maneno yenyewe yalikuwepo! Alinyanyua kipande cha sabuni akasema, "Sapun." Duka kwao ni dyukyan. Habari ni haber. Akili ni akal. Mtu aliyetulia, asiye na wasiwasi, yuko rahat, yaani yumo rahani. Na mgeni aliyefika nyumbani anaitwa musafirin. Msafiri huyo ndiye mimi. Dola ya Osmani ilitawala nchi ile kwa karne kama tano, na huku mkoani Smolyan ilikaa hadi mwaka 1912, ikaacha maneno ya Kiarabu yaliyopitia kinywani mwa Waturuki. Kwetu maneno yale yale yalishuka pwani kutoka majahazini. Yamekwenda njia mbili, yakakutana jikoni kwa Baba.

Jambo moja la kukumbuka ukienda huko: Mbulgaria akikubali hutikisa kichwa huku na huku, na akikataa hukiinua. Kwa hiyo acha kichwa, sikiliza neno. Da ni ndiyo, ne ni hapana.

Nilikuta msimu wa kuweka akiba. Viazi vilikuwa vimeshang'olewa, kuni zimepangwa ukutani hadi usawa wa dirisha, na Baba alikuwa anachoma pilipili hoho. Wana kifaa chao cha umeme kwa kazi hiyo, chushkopek, kama chungu kirefu chenye tundu katikati: unazamisha hoho, unafunika, na baada ya muda mfupi ngozi imebabuka yote. Nilikaa naye tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri nikimenya. Moshi wa hoho unaingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye mkate. Tukajaza chupa za mdomo mpana, tukazichemsha kwenye pipa nje, tukazipanga sakafuni ili zipoe. Zilikuwa sitini na nne. Nikamuuliza kwa vidole ngapi ni zake. Akatenga nane. Nyingine zote ni za kusafiri: kumi na mbili kwa mtoto wa kiume Plovdiv, zilizobaki kwa binti aliye Hispania, ambazo zitapakiwa katika gari la mizigo linalovuka Ulaya nzima kupeleka hoho za mama.

Jioni alisonga unga wa mahindi. Wao wanauita kachamak. Alisonga kwa mwiko wa mti, akausogeza pembeni ya jiko la kuni, akaupakua na kuuwekea jibini nyeupe ya chumvi na siagi iliyoyeyushwa pamoja na pilipili nyekundu ya unga. Nilimwambia, "Ugali." Akalirudia neno mara mbili, polepole, kama anayelipima uzito. Kesho yake alipika patatnik, viazi vilivyokunwa na kuchanganywa na vitunguu, jibini na nanaa, chakula ambacho Rodopi hawakubali kwamba kipo kwingine. Na mtindi ulikuwa mezani asubuhi na jioni. Ile bakteria inayougandisha iligunduliwa mwaka 1905 na daktari kijana wa kijiji cha Bulgaria, Stamen Grigorov, alipokuwa Geneva, na hadi leo jina lake la kisayansi limebeba jina la nchi hiyo.

Lakini kitu kilichonishika kuliko vyote ni karatasi.

Kwenye malango, kwenye nguzo za umeme, kwenye kibanda cha kituo cha basi, kuna karatasi nyeupe zenye picha za watu. Mtu akipita haraka atadhani ni uchaguzi. Ni matangazo ya msiba, wao wanayaita nekrolog. Mtu akifariki, jamaa hubandika karatasi yenye picha yake, jina lake na maneno machache ya buriani. Ikifika siku ya arobaini wanabandika nyingine. Nusu mwaka, nyingine. Mwaka, miaka mitatu, miaka kumi. Arobaini, msikilizaji wangu! Wakristo wa Orthodoksi wa Rodopi, na watu wetu wa pwani wanaosoma hitima ya arobaini, wanahesabu siku zile zile.

Mkabala na kwa Baba kuna lango la mbao lililofungwa kwa mnyororo. Nilikwenda kulitazama kwa karibu. Karatasi zilikuwa tano. Ya chini kabisa imepauka hata uso wa mwenyewe umefutika, imebaki miwani tu. Huyo ni mume, na ilikuwa imeandikwa miaka ishirini. Juu yake ni mke, mara nne: arobaini, mwaka mmoja, miaka mitatu, miaka mitano. Ile ya miaka mitano ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isiiguse, na misumari minne ya kuishikilia ilikuwa mipya, haijashika kutu. Lakini majani yalikuwa yameota hadi kwenye kufuli, na mnyororo umeng'ang'ania mbao. Kwa hiyo mtu huja, hubandika, huondoka, na lango halifunguliwi. Baba alinieleza mjukuu akiwa bado yupo: ni binti yao, yuko Ujerumani. Huja kila Agosti. Hulala kwa Baba, maana paa la nyumba yao limeshaanguka ndani.

Jumanne na Ijumaa, saa nne asubuhi, gari la mkate hupanda. Ni gari dogo jeupe. Hupiga honi kwenye kona ya chini, lakini watu wa nyumba saba huwa wameshafika kituoni nusu saa kabla, kila mmoja na mfuko wake. Bei zilikuwa zimeandikwa mara mbili, kwa leva na kwa yuro, kwa kuwa nchi ilikuwa inajiandaa kuanza kutumia yuro Januari 2026. Muuzaji hakuleta mkate tu. Alileta dawa ya presha ya mzee mmoja, betri za redio za mwingine, na barua ya pensheni. Siku ya Ijumaa waliokuja walikuwa sita. Yule muuzaji aliwahesabu kwa macho, akafunga mlango wa gari, akapanda kwa miguu hadi nyumba ya juu, akagonga. Mzee alikuwa amelala tu, ana mafua. Baada ya hapo ndipo mauzo yakaanza, na hakuna aliyenung'unika.

Bulgaria ilikuwa na watu karibu milioni 9 mwishoni mwa miaka ya 1980. Sensa ya mwaka 2021 ilikuta kama milioni 6.5. Vijiji ambavyo havina mkazi hata mmoja vimepita mia moja. Sababu zimepangana kama vile vibao vya mawe juu ya paa. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikomunisti iliingiza mashamba katika ushirika na kujenga viwanda mijini, vijana wakaitwa viwandani. Mwaka 1989 mfumo ule ukaanguka, viwanda vingi vikafungwa, na waliotoka kijijini hawakurudi nyuma, walikwenda mbele. Mwaka 2007 nchi ikaingia Umoja wa Ulaya, na milango ya Hispania, Ujerumani na Uingereza ikazidi kupanuka. Watoto wanaozaliwa ni wachache.

Na kuna jeraha jingine ambalo wageni huliruka. Rodopi ina vijiji vya Wakristo na vya Waislamu. Kutoka uani kwa Baba naona mnara wa kengele upande mmoja wa bonde, na mnara wa msikiti upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali iliwalazimisha Waislamu wa milima hii, wanaozungumza Kibulgaria kama jirani zao, waache majina yao na kuchukua mengine. Muongo uliofuata ikawageukia raia wenye asili ya Kituruki, na mwaka 1989, katika miezi michache tu, zaidi ya watu 300,000 walihamia Uturuki. Huwezi kumnyang'anya mtu jina lake, halafu ukashangaa kwamba shamba halina wa kulivuna.

Nilikuwa nakwenda na fikra moja kutoka kwetu, na nimerudi bila hiyo. Sisi husema kijana anakimbia kijiji kwa sababu hakuna umeme, hakuna barabara, maji yako mbali. Kule nilikuta lami hadi kituoni. Umeme haukukatika hata mara moja kwa siku tisa. Maji ya bomba yanatoka baridi mpaka meno yanauma, na simu inashika mtandao hata malishoni. Vijana hawapo. Lami inaleta mkate Jumanne na Ijumaa, na lami hiyo hiyo ndiyo iliyompeleka binti wa Baba Hispania. Sisemi tusidai umeme. Nani atakayekataa taa? Ninasema nguzo ya umeme peke yake haimfungi mtu kijijini.

Ni nini basi kinachomfunga? Siku ya sita niliteremka tena Shiroka Laka, na nilipofika darajani nikasikia.

Ilikuwa sauti nzito, ya chini, isiyokata pumzi. Kaba gaida. Ni zumari la kiriba: ngozi ya mbuzi mzima imefungwa ikawa mfuko, kuna bomba la kupulizia, bomba la vidole linalotoa wimbo, na bomba refu linalolala begani likivuma noti moja bila kukoma. Mpigaji anajaza kiriba kwa mdomo na kukikamua kwa kwapa, kwa hiyo anaweza kupumzisha mapafu na wimbo usikatike. Gaida za sehemu nyingine za Bulgaria ni kali, za juu. Ya Rodopi ni kubwa, na inasikika kama bonde lenyewe linaguna. Aliyekuwa anapiga ni msichana ambaye kwa kukisia hakufika miaka kumi na sita. Amekaa kwenye ngazi za mawe, miguu imevaa viatu vya mpira, kiriba kwapani, anarudia kipande kimoja kifupi. Kila akikosea anaacha, anafuta mdomo kwa mkono, anaanza upya. Nilisimama hapo, na katika muda huo alikirudia mara kumi na moja.

Shiroka Laka kuna shule ya taifa ya sanaa za jadi, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watoto hukaa bweni, husoma hesabu na sayansi kama wengine, na hufundishwa gaida, filimbi iitwayo kaval, fidla ya kienyeji iitwayo gadulka, na uimbaji. Kijiji cha watu mia chache! Shule ya namna hiyo wangeweza kuijenga Sofia, na kila mkubwa angesema ni busara. Waliijenga mlimani, pale pale muziki wenyewe unapotoka, na kwa hiyo mtoto anayeutaka analazimika kuja kijijini, na mwalimu naye, na mpishi naye. Kwangu mimi huo ni uamuzi bora kuliko hoteli zote za Pamporovo. Jumapili ya kwanza ya Machi wanaume wa kijiji huvaa ngozi na kengele kubwa, huitwa kukeri, na hucheza barabarani kuufukuza ubaya wa mwaka. Na Agosti, juu kidogo, kwenye majani ya kijiji cha Gela, wapiga gaida hukusanyika kushindana. Watu wa Gela husema Orpheus, yule mwanamuziki wa hadithi za kale, alizaliwa kwao. Upande wa Trigrad watakuonyesha pango lenye maporomoko ya maji gizani na kukuambia ndimo alimoshukia kuzimu kumfuata mkewe.

Kuna wimbo wa milima hiyo unaomhusu Delyu, mwasi wa enzi ya Osmani ambaye masimulizi yanasema risasi ya kawaida haikumdhuru. Aliyeuimba mpaka dunia ikausikia ni Valya Balkanska, mwanamke wa vijiji hivyo hivyo vya Smolyan, akisindikizwa na gaida mbili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani mmoja, Martin Koenig, alipita Bulgaria na kinasa sauti akikusanya nyimbo za vijijini, akamrekodi. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya anga, Voyager 1 na Voyager 2, kila kimoja kikiwa na santuri ya dhahabu yenye sauti za dunia yetu. Wimbo wa Delyu umo. Na katika santuri hiyo hiyo, msikilizaji wangu wa Bunia na Mambasa, umo wimbo wa unyago wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wa Ituri. Salamu zilizorekodiwa ni za lugha 55. Kiganda kimo. Kiswahili hakimo, na Kibulgaria hakimo. Lakini sauti ya mwanamke wa Rodopi na sauti za wasichana wa Ituri zinasafiri pamoja, zimeshatoka nje ya himaya ya jua letu, kwa sababu tu siku moja mtu alifika kijijini na mashine akaomba kusikiliza.

Usiku wa mwisho nilimweleza Baba habari hiyo. Da, da, anajua, kila mtu huko anajua. Kisha akatulia, akaanza kuimba wimbo mwingine, wa chinichini, mkono ukilainisha kitambaa cha meza. Nikatoa simu. Akakataa: koo limechakaa, alisema. Nikairudisha mfukoni. Akaendelea kuosha vyombo, na alipomaliza akafuta mikono, akaketi, akanyoosha kidole kwenye mfuko wangu. Wimbo ulichukua dakika tatu na nusu. Nilimpelekea mjukuu wake usiku ule ule. Alijibu kwamba ni wimbo ambao bibi yake alikuwa akiimbiwa na mama yake wakati wa kuvuna nafaka ya rai, kwamba aliwahi kuusikia ukitajwa, na kwamba hakuwahi kuusikia ukiimbwa.

Msikilizaji wangu, simu iliyo mkononi mwako ina kinasa sauti bora kuliko mashine ya Koenig. Ukienda nyumbani likizo hii, mkalishe bibi yako au babu yako, zima redio, hata kama ni mimi ninayezungumza, umwombe wimbo aliobembelezewa nao. Mrekodi. Mwanzoni taja jina lake, kijiji chake na tarehe ya siku hiyo. Nakala moja iweke kwa ndugu zako, na moja utuletee hapa studio. Kila Alhamisi baada ya kipindi hiki tutakuwa tunarusha wimbo mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kuukata.